Je, Zamani Wanawake Ndio Waliotawala?

Mwaka 1961, wachimbaji waliokuwa wakifukua tuta la kale la Çatalhöyük, katika uwanda wa Konya nchini Uturuki, walikuta ndani ya kihenge cha nafaka sanamu ndogo ya udongo uliochomwa. Ni mwanamke mnene aliyeketi wima, mikono yake imeegemea vichwa vya wanyama wawili wa jamii ya chui, mmoja kulia, mwingine kushoto. Ana umri wa miaka 8,000 hivi. Kichwa chake hakikupatikana. Hicho wanachokiona wageni kwenye jumba la makumbusho la Ankara kimebandikwa na mafundi wa siku hizi.

James Mellaart, Mwingereza aliyeongoza uchimbaji, hakusita: huyu ni Mungu Mama, na dini ya mji huu ilikuwa mikononi mwa wanawake. Mellaart, tuseme tu, alipenda kuongeza chumvi. Mwaka 2018, miaka sita baada ya kifo chake, ilibainika kwamba baadhi ya michoro ya ukutani aliyodai kuikuta Çatalhöyük aliibuni mwenyewe akiwa London. Lakini sanamu ni ya kweli, na tafsiri ya Mellaart ilipokewa kwa mikono miwili kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa limetimiza miaka mia.

Lilianza mwaka 1861 kwa Johann Jakob Bachofen, mwanasheria wa Basel, Uswisi. Alisoma hekaya za Wagiriki, akasoma pia habari za mwanahistoria Herodotus kuhusu Walikia waliojitambulisha kwa majina ya mama zao, akahitimisha kwamba binadamu wote walipitia enzi ya mama kabla ya baba kushika hatamu. Friedrich Engels akalichukua mwaka 1884 na kulitafutia sababu ya kiuchumi: mifugo ilipoongezeka, wanaume walioimiliki walitaka irithiwe na watoto wao wa kuwazaa, wakaupindua ukoo wa mama. Kisha akaja Marija Gimbutas, mwanaakiolojia mzaliwa wa Lithuania aliyefundisha Los Angeles. Kwake yeye, wakulima wa kwanza wa Ulaya waliishi kwa amani, wakimheshimu mwanamke na kumwabudu mungu wa kike, hadi wafugaji wapanda farasi walipoteremka kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi na kuleta mfumo dume.

Simulizi tamu. Tatizo lake ni kwamba imebeba maswali matatu kana kwamba ni moja: mtoto ni wa ukoo wa nani, bwana na bibi wanakaa kwa nani, na nani mwenye kauli. Kwa Waluguru wa Morogoro au Wamakonde wa kusini, mtoto kwa desturi ni wa ukoo wa mama yake, na haki ya ardhi ilifuata njia hiyo hiyo. Lakini penye shauri zito anaitwa mjomba. Cheo kinatoka kwa mwanamume kwenda kwa mwana wa dada yake, ambaye naye ni mwanamume. Aliyekulia katika desturi hiyo hawezi kushawishika kirahisi kwamba ukoo wa kikeni maana yake ni utawala wa wanawake.

Tukiwa na tahadhari hiyo, turudi Çatalhöyük. Mji haukuwa na mitaa. Nyumba zilibanana ukuta kwa ukuta, watu wakiingia kwa ngazi kupitia darini, na wafu wakizikwa chini ya sakafu za nyumba hizo hizo. Mwanaakiolojia Ian Hodder alianza kuuchimba upya mwaka 1993 na kuendelea kwa miaka 25. Vinyago vingi vilivyopatikana ni vya wanyama. Mifupa ndiyo iliyosema zaidi: wanaume na wanawake walikula chakula kile kile, na mbavu za wazee wa jinsia zote mbili zina masizi upande wa ndani, dalili kwamba wote walishinda na moshi wa jiko mle mle.

Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa DNA wa watu zaidi ya 130 waliozikwa katika nyumba 35 za mji huo. Waliozikwa chini ya sakafu moja walielekea kuunganishwa na upande wa mama: mabinti walibaki, wana wa kiume wakaenda kwingine. Tena makaburi ya watoto wa kike yalikuwa na vitu karibu mara tano ya yale ya wavulana. Ni jambo kubwa, na Gimbutas angelifurahia. Hata hivyo hakuna kasri, wala nyumba iliyozipita nyingine kwa mbali. Kabla ya kuuliza nani alitawala, ni halali kuuliza kama kulikuwa na wa kutawaliwa.

Kuhusu wavamizi, Gimbutas alikuwa sahihi kuliko wapinzani wake walivyodhani. Mwaka 2015 vinasaba vilionyesha kwamba watu wa nyikani waliingia kweli Ulaya ya kati, yapata miaka 4,500 iliyopita, kwa wingi wa kutisha. Huko Uhispania na Ureno, kufikia mwaka 2000 KK, wageni walikuwa wamechangia asilimia 40 hivi ya nasaba, lakini kromosomu Y, ile anayoipokea mwana kwa baba yake, ilikuwa imebadilika karibu yote. Wanaume wenyeji karibu wote hawakuacha kizazi cha kiume. Mwanaakiolojia Colin Renfrew, aliyempinga Gimbutas kwa miongo, alikubali hadharani mwaka 2017 kwamba kuhusu uhamaji huo alikosea, wakati huo Gimbutas akiwa amefariki miaka 23 nyuma.

Ila paradiso iliyovunjwa haionekani. Huko Gurgy, Ufaransa, kuna makaburi ya wakulima yaliyotangulia wavamizi kwa zaidi ya miaka 1,500. Ukoo wa vizazi saba umesomwa pale, na wote wanafuata baba. Wake ndio waliotoka nje. Mfumo wa kuumeni haukusubiri mpanda farasi.

Engels, naye, alikuwa amenusa kitu. Mwaka 2003 watafiti Clare Holden na Ruth Mace walizilinganisha jamii 68 za Kibantu na jirani zao kwa mti wa undugu wa lugha. Zile za ukoo wa mama zilizopata ng'ombe zilielekea kuhamia kwa baba. Sababu haihitaji vita: ng'ombe hulipa mahari, kwa hiyo mwana aliyerithi zizi ataoa wake wengi, akanufaika nalo kuliko dada yake. Jembe halina nguvu hiyo. Ukanda wa ukoo wa mama, kutoka kusini mwa Kongo hadi Msumbiji, una maeneo mengi ya mbung'o, ambako ng'ombe hafui dafu.

Wala njia ya kutoka kwa mama hadi kwa baba si ya kwenda tu. Uingereza ilipata wageni wenye asili ya nyikani, na asilimia 90 hivi ya nasaba ya kisiwa ikabadilika. Zaidi ya miaka 2,000 baadaye, karibu na zama za Warumi, jamii ya Durotriges huko Dorset ilikuwa ikizika watu wake Winterborne Kingston. DNA yao, iliyochapishwa mwaka 2025, inaonyesha kwamba zaidi ya nusu yao wanatokana na bibi mmoja kwa upande wa mama. Wanaume wengi wasio wa ukoo huo walikuja kuoa, wakahamia ukweni.