Chaguo-msingi katika Usakinishaji wa Mfumo Endeshi

Kisakinishi ni programu inayouweka mfumo endeshi katika diski ya tarakilishi. Kazi hiyo inapoendelea, mtumiaji huulizwa maswali kuhusu lugha, nchi, saa za eneo, kibodi, nywila na mgao wa diski. Mengi ya maswali hayo huja yakiwa na jibu lililokwisha kuteuliwa, nalo hufuatwa iwapo mtumiaji atabonyeza tu kitufe cha kuendelea. Jibu hilo ndilo huitwa chaguo-msingi. Kwa kuwa wengi hulipokea bila kulihoji, aliyeliteua ndiye hasa aliyeamua. Je, chaguo-msingi lifaalo hutambuliwaje?

Mfano mzuri unapatikana katika Debian, mradi ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka wa 1993. Kisakinishi kilichokuja na toleo lake la 3.1, mwezi wa Juni 2005, huyapanga maswali katika ngazi nne za umuhimu. Ngazi ya juu kabisa ni ya maswali yasiyoweza kujibiwa ila na mtumiaji mwenyewe. Ya chini kabisa ni ya yale ambayo jibu lililoteuliwa hufaa karibu kila mahali. Kwa kawaida mtumiaji huulizwa maswali ya ngazi mbili za juu pekee, ilhali mtaalamu anaweza kuomba aulizwe yote. Kwa njia hii, mgeni halemewi na mjuzi hanyimwi uhuru.

Hata hivyo, jibu lifaalo mahali pamoja huenda lisifae pengine. Mkenya anayekubali Kiingereza cha Marekani hupokea pia desturi za nchi hiyo: tarehe hutanguliza mwezi, hivi kwamba 5/6 husomeka kuwa tarehe 6 Mei badala ya tarehe 5 Juni, na karatasi ya kuchapishia huwa ya kipimo cha Letter badala ya A4. Kibodi nayo ina mtego wake. Katika mpangilio wa Kimarekani uitwao wa kimataifa, alama ya ritifaa husubiri irabu ili iigeuze kuwa herufi yenye mkazo. Anayeandika "ng'ombe" hujikuta ameandika "ngómbe". Mpangilio wa kawaida wa Kimarekani hauna kasoro hiyo, kwa hivyo ndio unaomfaa zaidi mwandishi wa Kiswahili.

Makosa ya aina hiyo hurekebishika baadaye. Diski iliyofutwa ni jambo jingine, kwani tasnifu isiyo na nakala nyingine hupotea pamoja nayo. Ndiyo maana kisakinishi cha Debian, kabla ya kuandika mgao mpya katika diski, husita na kuuliza iwapo mabadiliko yatekelezwe, na jibu lililoteuliwa hapo ni "La". Kuuliza si ujinga, hasa pale ambapo kunyamaza kungeleta hasara isiyofidika.

Basi chaguo-msingi lifaalo ni lile linalomfaa asiyejua, linalobadilika kwa urahisi na lisiloangamiza kitu kimyakimya. Kwa wanaotafsiri programu kwa Kiswahili, funzo ni kwamba kuunda istilahi hakutoshi. Mifumo ya Linux ina mipangilio miwili ya Kiswahili, wa Kenya na wa Tanzania. Tarehe, sarafu na kibodi vinavyoambatana na kila mmoja vinastahili kukaguliwa kwa makini yaleyale yanayopewa msamiati.