Tamthilia humtafuta muuaji usoni, mahakama humtafuta wapi?

Jioni ukipita Levolosi, jirani na soko la Kilombero, utakuta watu wamejazana mbele ya runinga moja, saluni, mgahawani au kibanda umiza, wakifuatilia tamthilia ya mauaji. Maiti ikishapatikana tu, kila mtazamaji ana mtuhumiwa wake. "Ni yule mjomba, mwangalieni macho yake!" Tamthilia hizi, za kwetu na zile za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili, huzunguka swali moja: nini humfanya mtu awe muuaji? Mmoja atasema malezi, mwingine wivu, mwingine pesa.

Sheria ya Tanzania ina jibu lake, na macho ya mjomba hayamo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inauliza: wakati mkono unafanya, moyoni kulikuwa na nini? Aliyekusudia kuua, au kumjeruhi mwenzake vibaya sana, na mwenzake akafa, hilo ni kosa la mauaji. Hata aliyejua kwamba kitendo chake yaelekea kitaua, ila hakujali, anaingia humo. Pasipo dhamira hiyo, kosa ni kuua bila kukusudia.

Tofauti hiyo Watanzania waliiona kwa watu waliowafahamu kwenye skrini. Steven Kanumba alifariki Aprili 7, 2012 baada ya ugomvi nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Msanii mwenzake, Elizabeth Michael "Lulu", alishitakiwa kwanza kwa mauaji. Baadaye shitaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na Januari 2013 akapata dhamana. Novemba 13, 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani, ikampa kifungo cha miaka miwili. Kwa shitaka lile la kwanza, adhabu ingekuwa nyingine kabisa.

Huku kwetu kaskazini kuna kesi ya upande wa pili. Agosti 7, 2013 mfanyabiashara wa madini Erasto Msuya alipigwa risasi wilayani Hai, si mbali na uwanja wa ndege wa KIA. Mwaka 2018 Mahakama Kuu Moshi iliwahukumu kifo watu watano. Shambulio la bunduki lililoandaliwa halimpi jaji kazi kubwa ya kutafuta dhamira. Kazi iko kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, wa ng'ombe walioingia kwenye mahindi, au wa kilabuni.

Moyo wa mtu haufunguliwi, basi dhamira husomwa kwenye matendo. Mahakama ya Rufani, katika rufaa namba 150 ya mwaka 1994 iliyotoka Mbeya, ilitaja mambo ya kutazama: silaha ni ya aina gani na kubwa kiasi gani, nguvu iliyotumika, mapigo ni mangapi na yametua wapi mwilini, majeraha yakoje, mshambuliaji alisema nini, na alifanya nini kabla na baada. Fimbo moja ya mguuni na panga tatu za kichwani haziwezi kusomwa sawa, hata kama wote wawili wanaapa kwamba hawakukusudia.

Hasira je? Inasaidia, lakini kwa kipimo. Aliyechokozwa akapandwa na hasira ghafla, akaua kabla haijapoa, kosa lake laweza kushushwa kuwa kuua bila kukusudia. Aliyetukanwa asubuhi mnadani, akarudi nyumbani, akanoa panga na kutoka nalo jioni, huyo alikuwa na muda wa kupoa.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo tamthilia hazilionyeshi sana: "wananchi wenye hasira kali." Sisi watangazaji tumeyazoea maneno haya mno, hadi yanasikika kama jina la kikundi fulani kisichokuwa na watu ndani yake. Mtu anaitiwa mwizi, anazingirwa, mawe yanarushwa, anakufa. Sheria haisemi kwamba ameuawa na umati. Wanaoungana kutimiza lengo lisilo halali, na kifo kikawa tokeo linalotarajiwa, kila mmoja huhesabiwa kuwa ametenda kosa. Kwa hiyo aliyerusha jiwe moja hawezi kujificha nyuma ya wenzake arobaini. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayefanya kosa mbele yake, ila lazima amfikishe polisi bila kuchelewa. Kumpiga hakumo katika ruhusa hiyo.

Kwa kosa la mauaji jaji ana adhabu moja tu, kifo kwa kunyongwa, isipokuwa kwa mjamzito au aliyekuwa hajatimiza miaka 18 alipotenda kosa. Ni kweli Tanzania haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa Arusha, ilisema Novemba 28, 2019 kwamba kumnyima jaji nafasi ya kuchagua adhabu kunakiuka haki ya kuishi.

Lakini kabla ya hukumu kuna kusubiri. Mauaji hayana dhamana. Mshitakiwa hufikishwa kwanza mbele ya hakimu, anaambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi, kisha anarudishwa mahabusu, kwa huku kwetu mara nyingi Kisongo. Kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, inapangiwa tarehe nyingine. Shamba lake, msimu huo na pengine unaofuata, litalimwa na mtu mwingine au halitalimwa.