Simba wa Runinga na Maziwa ya Ngamia

Wajapani walipoanzisha mwaka wa 2001 kipindi cha runinga ambamo wafanyabiashara wachanga huomba mtaji mbele ya matajiri, matajiri hao waliitwa chui-milia. Uingereza ilipoiga mwaka wa 2005 wakageuka majoka. Marekani mwaka wa 2009 ikawafanya papa. Sisi Wakenya tulipata simba mwaka wa 2016, benki ya KCB ilipolileta shindano hilo katika runinga ya NTV. Kila taifa, basi, limemwona mwenye mali kuwa mla nyama. Yule anayeingia pangoni na hesabu zake mkononi hajapewa jina la mnyama yeyote, na msomaji anaweza kukisia sababu.

Binti mmoja wa Garissa niliyepata kumfundisha aliwahi kushiriki shindano la jamii hiyo, ambalo silo hilo la simba. Alirudi mikono mitupu. Nilidhani angelalamika, lakini aliwasifu waamuzi. Walimuuliza ni lita ngapi za maziwa ya ngamia zinazosafirishwa kwa siku, ni ngapi huharibika kabla ya kufika Eastleigh, na nani hulipia mitungi. Hayo yote aliyajua, na baadhi yake, alikiri, hakuna aliyekuwa amemuuliza hapo kabla. Alikwama pale alipotakiwa kusema anatoa asilimia ngapi ya kampuni.

Kampuni ipi? Ngamia ni wa mama yake, wa shangazi zake, na wengine ni wa mayatima wa ukoo. Kila mwanamke huleta mtungi wake, mmoja wao husafiri na mzigo kwa basi, pesa hurudi kwa M-Pesa na kugawanywa kwa kufuata daftari moja chakavu. Alitakiwa aueleze mfumo huo kwa Kiingereza, kwa dakika chache, taa zikimchoma usoni. Aliniambia kwamba muda mwingi aliutumia kutafsiri, na biashara yenyewe akaigusa kwa juujuu tu.

Hapo ndipo mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, ninapopata neno la kusema. Ni makosa kudhani kwamba mtu wa Garissa, Wajir au Mandera hana dhana za mtaji na ubia. Anazo, na majina yake anayo. Yule tumwitaye dalali kwa Kiswahili, Msomali humwita dilaal. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu. Mchango wa zamu, ambao kwingineko nchini huitwa merry-go-round, Wasomali huuita ayuuto, neno walilolichukua kwa Waitaliano likiwa na maana ya msaada. Na mudharaba je? Mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa kiwango walichokubaliana. Hasara isiyotokana na uzembe humla mwenye mali, naye mfanyakazi hupoteza jasho lake. Mbele ya waamuzi binti yule angeweza kupendekeza mkataba wa namna hiyo bila kuuza hata ukwato mmoja. Lakini shuleni somo la biashara alilipokea kwa Kiingereza, na mudharaba aliisikia chuoni na sokoni. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwonyesha kwamba vitu hivi viwili ni majirani.

Watanzania walijaribu njia nyingine. Mwaka wa 2011 shirika la Femina lilitoa kipindi cha Ruka Juu, ambamo vijana wajasiriamali walishindana kwa Kiswahili. Watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari wa Dar es Salaam walioshawishiwa kukitazama. Hamu ya biashara iliongezeka, lakini dalili za kuongezeka kwa maarifa ya biashara zilikuwa haba, na matokeo yao ya shule yalidhoofika. Kwa hiyo lugha pekee haitoshi, na mwalimu anayewaacha wanafunzi wakeshe mbele ya runinga kwa matumaini kwamba watajifunza hesabu huko, anajidanganya.

Ninalopendekeza ni dogo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Waandaaji wa mashindano hawana haja ya kungoja ruhusa nyingine. Mshiriki achague lugha yake, na anayetaka Kisomali aletewe mkalimani. Nanyi walimu wenzangu wa Garissa, siku mtakapofundisha hisa na ubia, mleteni darasani mama mmoja muuza maziwa pamoja na daftari lake. Wanafunzi na wamuulize maswali yale yale ya waamuzi: lita ngapi, hasara kiasi gani, mitungi ya nani. Binti yule bado anasafirisha maziwa, na sasa daftari lake lina safu ya maziwa yaliyoharibika njiani.