Fahamu: Jibu la chuo likichelewa, mtoto wa Kasongo aende wapi?

Chukulia kijana wa Kasongo aliyefaulu Exetat, mtihani wa taifa wa Kongo ulioanza 1967. Amekwisha kujiandikisha Chuo Kikuu cha Kindu. Minerval, yaani ada ya chuo, imeanza kulipwa, risiti imekunjwa ndani ya daftari. Ndipo jibu lililochelewa linafika: nafasi imepatikana Chuo Kikuu cha Kisangani.

Jina la Kisangani ni zito. Chuo kile kilianzishwa na Waprotestanti 1963, kikaunganishwa na vya Kinshasa na Lubumbashi 1971, kikajitegemea tena 1981. Lakini jina halimfikishi mtu darasani. Njia ya mtoni kutoka Kindu huishia Ubundu. Mbele ni maporomoko. Hapo godoro, sufuria na gunia la mchele vinashushwa, safari iendelee nchi kavu: treni ikiwapo, kwa reli ya kilomita 125 hivi; isipokuwapo, kwa pikipiki, na bei ni ya mwenye pikipiki.

Kwa hali kama hii, Tanzania wana utaratibu. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja huthibitisha kimoja tu, kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu.

Kongo kila chuo huandikisha wanafunzi wake chenyewe, kwa hiyo mzazi hana budi kubisha mlango wa apariteri, ofisi ya uandikishaji, na kuuliza. Minerval iliyolipwa Kindu inarudishwa? Masomo Kisangani yameanza lini? Kama kozi ni ileile, ni vigumu kuona faida ya kuhama. Kama ndiyo kozi aliyoitaka tangu awali na Kindu hakuipata, hesabu inabadilika, mradi tu awe na mjomba wa kumpokea Kisangani.