ELIMU YA VIUNGO IMEKUWA MTIHANI: MZAZI MFANYAKAZI AJUE



Katika mikutano yetu ya Tororo na ya Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, neno la karo haliishi. Siku hizi limezaa jingine. Mtoto anaingia kidato cha tatu, anasema anataka kufanya Elimu ya Viungo katika mtihani, ile wanayoiita P.E., na baba anapandisha sauti: mimi nibebe mifuko ya saruji mchana kutwa ili wewe ukakimbie uwanjani?

Hasira hiyo naielewa. Wakati wetu P.E. ilikuwa saa ya kufukuza mpira wa makaratasi, na mwalimu wa hesabu akichelewa na kazi yake aliichukua saa hiyo bila kuuliza mtu. Mimi niliishia darasa la saba na sikumbuki hata siku moja niliyoulizwa swali la P.E. kwenye karatasi. Lakini mambo yamegeuka, na mzazi asipojua atamnyima mtoto haki yake, au atalipia kitu ambacho shule haina.

Upande wa Uganda mtaala mpya wa sekondari ulianza mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ukafunga shule, na watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa UCE mwaka 2024. Katika kidato cha kwanza na cha pili Elimu ya Viungo ni lazima kwa kila mwanafunzi. Ukifika kidato cha tatu, masomo ya lazima yanabaki saba: Kiingereza, Hesabu, Fizikia, Kemia, Baiolojia, Historia na Jiografia. Mwanafunzi huongeza moja au mawili tu, maana jumla haizidi tisa. Hapo ndipo penye ugomvi. Kilimo kinataka nafasi hiyo, dini inaitaka, kompyuta inaitaka, Kiswahili kinaitaka (na hapa mpakani Kiswahili ni mkate), na Elimu ya Viungo nayo imesimama kwenye foleni hiyo hiyo.

Basi tusiseme ni somo la wavivu. Lina sehemu ya vitendo na lina ya kuandika. Mtoto husoma mifupa na misuli, moyo unavyofanya kazi, chakula, sheria za michezo na huduma ya kwanza kwa aliyeumia. Sisi tunaoinua mfuko wa kilo 50 kwa kupinda mgongo badala ya magoti, na wenzetu wanaokata miwa tangu alfajiri, tungefaidika tungefundishwa hayo tukiwa vijana. Wengine husema kazi ya kiwandani ni mazoezi tosha. Si kweli. Mazoezi yana kipimo na mapumziko, na kazi yetu vyote viwili tunavipigania mezani na mwajiri.

Tena tusichanganye mchezaji na mtahiniwa. Mwaka 2024 michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ilifanyika Bukedea na Mbale, na mwaka 2025 Kakamega, karibu na sisi kabisa, na wazazi wengi waliona jinsi kijana hodari wa mpira anavyoweza kupata shule bila karo. Hilo ni jambo zuri, lakini ni jingine. Mwenye mbio nyingi asiyejua kuandika ataanguka mtihani huu, na mtoto asiye bingwa wa chochote anaweza kuufanya vizuri.

Jambo linaloumiza familia zetu bila wao kujua ni alama za shuleni. Katika UCE ya sasa, alama 20 katika kila 100 zinatokana na kazi ambazo mwanafunzi hufanya shuleni mwaka mzima, na 80 ndizo za mtihani wa mwisho. Mtoto anayebakizwa nyumbani siku ya soko asaidie kuvusha mahindi hapoteza kipindi tu, anapoteza alama. Somo la vitendo halinakiliwi kwenye daftari la jirani jioni.

Upande wa Kenya hesabu ni nyingine. Chini ya 8-4-4 P.E. ilikuwa kwenye ratiba lakini haikuwa katika KCSE, na kundi la mwisho la mfumo huo ni la mwaka 2027. Katika mfumo mpya, michezo iliingia mtihani wa shule ya upili ya chini wa KJSEA kwa mara ya kwanza mwaka 2025, ndani ya somo la Sanaa na Michezo. Gredi ya 10 ilianza Januari 2026. Huko mazoezi ya viungo ni ya wote bila mtihani, na anayetaka kutahiniwa huchagua mkondo wa Sanaa na Michezo, ambao si kila shule inao. Kwa hiyo mwenye mtoto mmoja Busia ya huku na mwingine Busia ya kule asidhani karatasi ni moja. Na anayetaka kumvusha mtoto mpaka katikati ya masomo aulize kwanza, kwa sababu masomo aliyochagua upande mmoja huenda yasipate mahali upande wa pili.

Nimewahi kufika shule moja, jina nalihifadhi, ambako somo hili lilifundishwa ubaoni muhula mzima. Uwanja ulikuwa umelimwa mihogo. Wazazi walikuwa wametozwa pesa za vifaa, na kifaa nilichoonyeshwa kilikuwa filimbi.

Mkutano wa wazazi ukiitwa, aliye zamu ya usiku aende, na aliye zamu ya mchana aombe ruhusa kupitia mjumbe wake wa chama. Aulize: mwalimu wa somo hili amesomea kazi hiyo, au ni mwalimu wa Jiografia aliyepewa filimbi? Uwanja uko wapi? Alama za vitendo zinaandikwa wapi, na mzazi anaweza kuziona? Wasichana wana mahali pa kubadilishia nguo? Hili la mwisho akina mama wa mashambani ndio walioniambia nilitie hapa, kwa kuwa binti zao huacha somo kwa aibu ya kuvua sare nyuma ya choo, si kwa kukosa nguvu. Majibu yakiwa mabovu, mwambieni mjumbe kabla mtoto hajajaza fomu ya masomo ya kidato cha tatu.