Fahamu: Kwa nini ovaroli ya ‘wote’ haiwakai wote
Katika skimu ya mpunga ya Madibira, wilayani Mbarali, wanaume na wanawake hufanya kazi kwenye tope lilelile, na ovaroli huuzwa kama vazi la wote. Kasoro iko kwenye vipimo: nyingi hukatwa kwa umbo la kiume, mabega mapana na nyonga nyembamba. Mwanamke akichukua kubwa ili ipite nyongani, inampwaya mabegani na miguu ya ovaroli inaburuta majini.

Wapo wanaosema fundi cherehani atapunguza. Ni kweli, kiuno na pindo hupunguzwa. Lakini gharama humwangukia mvaaji, na gambuti kubwa linalovaliwa pamoja na ovaroli halipunguziki, hunasa topeni. Vazi likiitwa la wote, lishonwe kwa saizi nyingi, zinazozingatia kifua, kiuno, nyonga na urefu.