Nyama ya Kobe: Mlaji hulipia nini mbele ya bamba la moto?

MGENI aingiapo kwa mara ya kwanza katika mkahawa wa hadhi wa teppanyaki mjini Kobe, Japani, huenda akadhani amekosea mlango. Hakuna moshi, hakuna makaa, wala hakuna kelele za jikoni. Kuna meza ndefu yenye viti vichache, na mbele ya viti hivyo bamba la chuma lililosuguliwa likang'aa mithili ya kioo. Nyuma ya bamba amesimama mpishi mwenye kofia nyeupe. Kabla ya kupika chochote, humwonyesha mgeni kipande cha nyama mbichi kilicholazwa kwenye sinia, jinsi sonara anavyomwonyesha mteja pete.

Mara nyingi kipande hicho hakizidi gramu 150, lakini bei yake huwashtua hata waliozoea hoteli za kifahari. Aliyelelewa kwa nyama choma inayopimwa kwa kilo na kuliwa kwa kachumbari ana haki ya kuuliza: ni kitu gani hasa kinacholipiwa hapa?

Kwanza, hailipiwi mila ya kale, ingawa wengi hudhani hivyo. Katika Kijapani, 'teppan' ni bamba la chuma na 'yaki' ni kuchoma au kukaanga. Mapishi yenyewe ni ya juzi tu. Mnamo mwaka wa 675, Mfalme Tenmu alipiga marufuku ulaji wa nyama ya ng'ombe, farasi, mbwa, kima na kuku katika miezi ya kilimo. Amri za namna hiyo zilirudiwa mara kwa mara katika karne zilizofuata, zikitiwa nguvu na mafundisho ya Kibuddha. Ng'ombe alikuwa mnyama wa kulima na kubeba mizigo, si wa kuliwa. Bandari ya Kobe ilifunguliwa kwa biashara ya kigeni mwaka wa 1868, na wageni waliofika humo wakaanza kuulizia nyama. Mwaka wa 1872 ikatangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe, na mwiko ukavunjika.

Bamba la chuma lilikuja baadaye zaidi. Mkahawa wa Misono, ulioanzishwa Kobe mwaka wa 1945 na Shigeji Fujioka, ndio unaotajwa kuwa wa kwanza kupika steki juu ya bamba mbele ya walaji. Japani ilikuwa imeshindwa vitani, na askari wa Marekani walikuwa wamejaa mijini. Hao ndio waliovutiwa na steki hiyo, wakafurahia pia kumtazama mpishi akifanya kazi, huku wenyeji wakiwa hawajaizoea. Kwa hiyo chakula ambacho leo huuzwa ulimwenguni kama roho ya Japani kilistawi kwa ladha na fedha za wageni.

Michezo ya visu ina asili nyingine tena. Hiroaki Aoki, mwanamieleka wa Kijapani aliyehamia Marekani, alifungua mkahawa wa Benihana jijini New York mwaka wa 1964 ukiwa na meza nne tu. Wapishi wake walirusha kamba hewani, wakagonganisha vyombo na kupanga duara za vitunguu zikatoa moto kama volkeno. Watu walicheka, wakarudi na jamaa zao. Aoki, aliyefariki mwaka wa 2008, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mchekeshaji: mpishi anapopikia mezani, jiko la nyuma hupungua, wahudumu hupungua, na nafasi ya kuketisha walaji huongezeka. Mjini Kobe mambo ni kimya. Mpishi husema machache, na anayetarajia kurushiwa kamba mdomoni atasubiri hadi usiku wa manane.

Kinacholipiwa hasa ni mafuta. Ng'ombe wa ukoo wa Tajima, tawi la ng'ombe weusi wa Kijapani, ana mafuta yaliyopenya ndani ya mnofu wenyewe, yakatandaa kama utando wa buibui. Mafuta hayo huyeyuka kwa joto dogo kuliko ya ng'ombe wa kawaida, ndiyo sababu nyama hulainika mdomoni bila kutafunwa sana. Ndiyo sababu pia gramu 150 hutosha. Anayedai nusu kilo hukinai kabla ya kufika katikati. Bamba huifaa nyama ya aina hii kwa kuwa mafuta hayadondoki motoni yakapotea. Hubaki pale pale, yakakaangia vipande vyembamba vya vitunguu saumu, kisha mboga, na mwishowe wali.

Mpishi huikata nyama vipande vidogo papo hapo, kwa kuwa mlaji hutumia vijiti, si kisu. Humwekea vichache kwa wakati mmoja ili visipoe. Chumvi kidogo hutosha, na kuvizamisha vyote katika mchuzi wa soya ni kutupa fedha.

Jina la Kobe nalo lina masharti yake. Ng'ombe sharti awe wa ukoo wa Tajima, azaliwe, alelewe na kuchinjwa katika mkoa wa Hyogo, awe mtamba asiyezaa au maksai, na mafuta ya ndani ya mnofu wake yafikie angalau alama 6 katika kipimo cha 12. Hadithi kwamba hunyweshwa bia na kukandwa mwili haimo katika masharti hayo.

Hapa ndipo walaji wengi nje ya Japani walipopunjwa. Nyama halisi ya Kobe ilianza kuuzwa nje mwaka wa 2012, Macau ikiwa ya kwanza kuipokea. Hata hivyo, kwa miaka mingi kabla ya hapo, mikahawa ya Marekani ilikuwa na 'Kobe' katika orodha za vyakula vyake, hata kwenye baga. Nyama hiyo aghalabu ilitokana na ng'ombe chotara waliofugwa huko huko Marekani. Huenda ilikuwa nzuri, lakini haikuwa ile iliyotajwa kwenye bili.

Nchini Japani mlaji ana kinga. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipogunduliwa huko mwaka wa 2001, imani ya wateja ilianguka, na mwaka wa 2003 ikatungwa sheria inayompa kila ng'ombe nambari ya tarakimu 10. Mikahawa ambayo steki ndiyo biashara yake kuu hutakiwa kuionyesha nambari hiyo, na yeyote anaweza kuiingiza katika tovuti ya kituo cha taifa cha ufugaji akaona ng'ombe alizaliwa lini, alilelewa wapi na kuchinjwa lini.

Asiye na fedha za chakula cha jioni huenda mchana, ambapo mikahawa mingi hutoza bei nafuu zaidi. Bakshishi haitolewi. Baada ya wali wa vitunguu saumu, supu ya miso na achari, mgeni mara nyingi huhamishiwa meza nyingine kwa matunda na kahawa, huku mpishi akiinamia bamba lake kulisugua upya.